Steringi Anachora Katuni

Jumatatu

Mhariri amepiga simu asubuhi na mapema. Anataka maneno elfu moja kuhusu "muvi ya muuaji, ile kali," na anayataka Ijumaa. Nikamwambia nitaandika kuhusu Zodiac ya David Fincher, ya mwaka 2007, hasa namna wahakiki walivyoipokea, maana hapo ndipo penye kisa. Akauliza muuaji anakamatwaje. Nikasema hakamatwi. Akauliza basi anauawaje. Nikasema hauawi, na mpaka leo hakuna aliyethibitishwa kuwa ndiye. Simu ikawa kimya. Nilidhani salio lake limekwisha, kumbe alikuwa anafikiri. Akasema niandike maneno mia nane.

Jioni nimekuta ndala yangu ya kushoto haipo mlangoni pa bafu. Ya kulia ipo.

Jumanne

Muuza filamu wa kituoni amenijazia Zodiac kwenye flashi. Nilimuuliza kama anayo iliyotafsiriwa, kwa sababu wasomaji wetu wengi hutazama hizo: DJ anasimulia juu ya sauti za wazungu, anawapa majina ya mtaani, na anajaza kila penye kimya. Akasema hiyo hakuna wa kuitafsiri. "Haina ngumi, kaka. DJ ataongea nini saa mbili na nusu nzima?" Nimelinakili jibu hilo kwenye daftari, ukurasa wa mapokezi.

Nyumbani nimetazama kwa muda mrefu nikimsubiri Jake Gyllenhaal atokee. Hakutokea. Kuangalia vizuri, hii ni The Zodiac, filamu nyingine kabisa, ya mwaka 2005, kuhusu muuaji yuleyule na mji uleule wa Vallejo, California. Nimerudi kituoni. Muuzaji hakuona kosa liko wapi. "Muuaji si huyohuyo?" Akanikumbusha pia kwamba hii ni fupi, kwa hiyo nimepata unafuu.

Jirani wa chumba cha mbele naye amepoteza ndala. Ya kushoto.

Jumatano

Filamu yenyewe imepatikana kwa mpwa wangu, ambaye alikuwa nayo siku zote akidhani ni mambo ya unajimu. Dakika 157. Nimeianza usiku, baada ya taarifa ya habari.

Mauaji yote inayoyaonyesha yanakwisha kabla ya saa ya kwanza kutimia. Vijana wawili ndani ya gari, Vallejo, usiku wa tarehe 4 Julai 1969. Vijana wengine wawili kando ya Ziwa Berryessa, mwezi Septemba. Dereva wa teksi jijini San Francisco, mwezi Oktoba. Fincher alichagua kuonyesha mashambulizi yale tu yaliyoacha manusura au shahidi wa kuyasimulia; mauaji ya Desemba 1968, ambayo hayakuacha mtu wa kusema, hayaonyeshwi. Na kwa vile mashahidi hawakuafikiana kuhusu sura ya muuaji, wamemwigiza watu tofauti, huyu tukio hili, yule tukio lile. Yakishapita hayo, kinachobaki ni karatasi. Barua za muuaji, anayejiita Zodiac, kwa magazeti, simu, makabati ya mafaili, watu wenye tai wanaobishana nani ana mamlaka wapi.

Umeme umekatika pale mpelelezi Dave Toschi, anayeigizwa na Mark Ruffalo, alipokuwa akisubiri hati ya upekuzi. Umerudi alfajiri. Nikawasha. Toschi alikuwa bado anasubiri.

Katikati hapo nilikuwa nimenakili hesabu kwa tochi ya simu. Filamu iligharimu dola milioni 65 hivi. Ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 2 Machi 2007, ikaingiza milioni 13 na ushee mwisho wa wiki ule. Iliyoongoza iliingiza karibu milioni 40, nayo ni Wild Hogs, vichekesho kuhusu wanaume wanne wa makamo waliopanda pikipiki kwenda kujitafutia ujana. Wiki iliyofuata ikaja 300, yenye mikuki, na watu wakaenda kwenye mikuki. Zodiac ilikomea milioni 33 hivi nchini Marekani, na milioni 84 na kitu dunia nzima. Ukitoa fungu la wenye kumbi, sidhani kama kuna mtu aliyechinja mbuzi.

Tochi imemaliza chaji. Kengele ya kuniamsha haikulia. Nimechelewa mkutano, nao mkutano umechelewa zaidi yangu, hivyo nimeandikwa miongoni mwa waliowahi.

Alhamisi

Mama mwenye nyumba amebandika karatasi mlangoni pa bafu: ALIYECHUKUA NDALA ZA KUSHOTO AZIRUDISHE KABLA YA MAGHARIBI. Kufika mchana, mtu alikuwa ameandika chini yake kwa kalamu ya bluu: sio mimi. Hakuweka sahihi.

Mama amefungua uchunguzi. Ametoa daftari la michango ya maji, ambamo kila mpangaji huandika kwa mkono wake jina na kiasi, akalipanga sambamba na ile karatasi. Mimi ameniita nisaidie kwa kuwa ni mtu wa kuandika. Herufi S ni ya fundi friji, dhahiri. M ni ya mwalimu wa chekechea. Nukta juu ya i inafanana na yangu. Mama aliitazama ile nukta, kisha akanitazama mimi, kisha akairudia nukta.

Nilimweleza kwamba hata kwenye filamu ninayoiandikia, mtaalamu wa miandiko anaangusha kesi nzima: wapelelezi wana mtu wao, Arthur Leigh Allen, mambo mengi yanamwelekea, hata saa ya mkononi anayovaa ina chapa ya Zodiac, lakini mwandiko wake haufanani na wa barua. Mama akauliza huyo mtaalamu alilipwa na nani. Nikasema serikali. Akafunga daftari.

Ndipo nikapata wazo la kutazama filamu mbele ya watu, nione mapokezi kwa macho yangu. Tumekusanyika kwa fundi friji, mwenye televisheni kubwa kuliko zote ndani ya nyumba hii. Alikuwapo fundi na mkewe, mwalimu, kijana wa bodaboda, mpwa wangu, na Mama, aliyekuja na kiti chake.

"Steringi nani?" mpwa akauliza kabla picha haijakaa sawa.

Nikamwonyesha Gyllenhaal. Anaigiza Robert Graysmith, mwandishi wa kitabu kilichozaa filamu hii.

"Kazi yake?"

"Anachora katuni. Gazeti la San Francisco Chronicle."

Mpwa akaangalia mlango.

Kijana wa bodaboda ndiye wa kwanza kuondoka. Alisema kuna abiria anampigia, ingawa simu yake ilikuwa kwenye chaja ukutani muda wote huo, na baadaye alirudi kuichukua. Fundi alisinzia pale mwandishi Paul Avery, yaani Robert Downey Jr., alipoanza kulemewa na mvinyo. Mkewe alimfuata usingizini bila maelezo. Mwalimu alivumilia hadi pale Graysmith anapoingia nyumbani kwa mzee mmoja wa mambo ya sinema, mvua inanyesha nje, akashuka naye chumba cha chini ya nyumba. Hapo mwalimu alipiga kelele iliyomwamsha fundi, aliyeuliza nani kafa. Hakuna aliyekufa. Hakuna hata aliyeguswa. Kila anayeipenda filamu hii hukitaja chumba kile, na kilichomo ni mzee, mtu mwenye wasiwasi, na sakafu inayolia juu ya vichwa vyao.

Mama hakusogea. Wapelelezi walipoanza kupigiana simu kutoka mji hadi mji, aliuliza ni ofisi ngapi hizo. Nikahesabu: Vallejo, Solano, Napa, San Francisco. Nne, kila moja na faili lake, na hakuna anayejua mwenzake ameandika nini. Mama akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa habari za ndugu yake wa mbali. Ana kesi ya kiwanja alichoachiwa na marehemu mumewe. Faili lake liliwahi kusemekana limo katika ofisi tatu kwa wakati mmoja, na alipozizungukia zote, halikuwamo hata moja. Kwenye filamu, mpelelezi wa San Francisco anaomba nakala za ushahidi zitumwe kwa mashine ya faksi, na mwenzake wa mji mdogo anamjibu kwamba wao mashine hiyo hawana, watatuma kwa barua.

"Posta," Mama akasema.

Mwisho ulipofika, mpwa aliuliza kama imekatika. Nikasema imeisha. Akauliza adui yuko wapi. Nikamsomea maandishi ya mwishoni: yule waliyemshuku alifariki mwaka 1992 bila kushtakiwa kwa mauaji yale, na vinasaba vilivyopimwa mwaka 2002 havikulingana na vyake. Mpwa akaomba arudishiwe flashi. Mama akauliza kama kuna sehemu ya pili. Nikamwambia hakuna.

"Basi watakuwa wameambiwa warudi Jumatatu," akasema, akabeba kiti chake.

Ijumaa

Siku ya kukabidhi. Mafuta ya chapati yameingia kwenye kibodi na herufi Z imekufa. Nimetafuta Z moja kwenye barua ya zamani, nimeinakili, na ninaibandika kila inapohitajika. Kiswahili kina Z nyingi kuliko mtu anavyofikiri akiwa na kibodi nzima.

Nilichoandika ni hiki. Wahakiki wa Marekani waliipokea vizuri tangu siku ya kwanza. Hiyo hadithi kwamba filamu ilipuuzwa kisha ikafufuliwa ni ya nusu. Roger Ebert aliipa nyota nne, kiwango chake cha juu kabisa, akaiweka sambamba na All the President's Men ya mwaka 1976, filamu ya waandishi wa habari wanaofuatilia karatasi. Manohla Dargis wa New York Times aliisifu. Rotten Tomatoes, inayojumlisha hukumu za wahakiki, huiweka karibu na tisini kwa mia. Mwezi Mei 2007 ikaenda Cannes kushindania tuzo kuu, ikarudi mikono mitupu. Mwisho wa mwaka ikatajwa kwenye orodha nyingi za filamu bora, halafu uteuzi wa Oscar ukatangazwa na haikupata hata mmoja, si wa uigizaji, si wa picha, si wa chochote. Mwaka ule Oscar ya filamu bora ilikwenda kwa No Country for Old Men, ambayo nayo ina muuaji anayeondoka kwa miguu yake, ila yule ana staili ya nywele isiyosahaulika.

Waliolalamika walisema ni ndefu, majina ni mengi, muuaji anapotea katikati, mwisho hauna mwisho. Nimezisoma lawama hizo pamoja na sifa, na kinachonishangaza ni kwamba pande zote mbili zinaeleza kitu kimoja. Mhakiki anasifu subira ya Fincher palepale mtazamaji anaposema muvi haiendi. Haiendi kweli. Inakaa. Jengo la Transamerica Pyramid linaota kutoka msingi hadi kileleni kwa sekunde chache ili ujue miaka imepita na barua hazina majibu. Katika toleo la mkurugenzi, la dakika 162, lililotoka 2008, kuna kipande ambacho kioo kinakuwa cheusi kabisa na unasikia tu nyimbo na habari za miaka ikipita. Mtu aliyelipa kiingilio anatazama giza. Nadhani hicho ndicho kipande cha kweli kuliko vyote humo ndani: upelelezi uliokwama hauna picha.

Lawama nyingine naiweka kwa matangazo na kwa historia ya Fincher mwenyewe. Huyu ndiye aliyetengeneza Seven mwaka 1995, ambayo muuaji wake ana mpango, ana ratiba, na anajileta mwenyewe polisi na damu mikononi. Watu walikuja kutafuta Seven ya pili wakapewa kabati la mafaili. Muuaji wa Zodiac hana mpango. Ana stempu. Anataka gazeti limchapishe ukurasa wa mbele, na fumbo lake la kwanza, la herufi na alama 408, halikufumbuliwa na majasusi. Lilifumbuliwa na mwalimu mmoja wa Salinas na mkewe.

Nimeongeza aya ambayo mhariri ataikata. Sehemu kubwa ya filamu hii inatokea ndani ya chumba cha habari, penye mashine za taipu, majivu ya sigara na mikutano ya asubuhi. Wahakiki ni watu wa magazeti. Inawezekana sehemu ya mapenzi yao ni kuiona ofisi yao ikipigwa picha vizuri na Harris Savides, kwa kamera ya dijitali, katika mwanga wa kahawia na kijani uliopoa, kila dawati mahali pake. Mtengenezee fundi friji filamu ya dakika 157 kuhusu gesi inayovuja pasipojulikana, mwenye friji anapiga simu kila siku, na vipuri viko mji mwingine: huyo hatasinzia hata dakika moja.

Pia nimesema kwamba Fincher alirudiarudia kila tukio hadi Gyllenhaal akalalamika hadharani. Sijui kwa nini wahakiki huona hilo ni sifa. Fundi wangu wa nguo naye hurudiarudia.

Nimetuma saa kumi na moja jioni. Nimesahau kubandika Z moja, kwenye jina la filamu, kwenye kichwa cha makala.

Jumamosi

Mhariri ameikata ile aya. Anataka pia niseme ni nyota ngapi. Nimemweleza kwamba makala inahusu hukumu za watu wengine na yangu imo katikati ya sentensi. Akasema sentensi hazionekani kwa mbali. Tukapatana nyota nne kwa tano. Ile moja tumeizuia kwa sababu kitabu cha Graysmith kina uhakika kuhusu Allen kuliko ushahidi unavyoruhusu, na filamu, pamoja na tahadhari zake zote, inamalizia ikiwa imeegemea upande huohuo.

Aliuliza pia ilikuwaje filamu iliyoshindwa na pikipiki izungumzwe hadi leo. Nikampa takwimu: mwaka 2016 BBC iliwauliza wahakiki 177 wa nchi mbalimbali filamu bora za karne hii, na Zodiac ikawa ya 12. Wild Hogs haikutajwa. Mhariri alisema tuweke picha ya pikipiki.

Fundi friji amekuja mlangoni kuuliza kama hakuna ya aina hii ambayo wanamkamata mtu. Nikamwambia habari za Memories of Murder ya Bong Joon-ho, ya mwaka 2003, ambayo wahakiki hupenda kuitaja pamoja na Zodiac: Korea Kusini, mauaji ya Hwaseong yaliyoanza 1986, wapelelezi wa kijijini wanaokanyaga ushahidi kwa miguu yao. Ndani ya filamu hakamatwi mtu. Ila mwaka 2019, miaka kumi na sita baada ya filamu, vinasaba vilimtaja mwenyewe, na alikuwa gerezani siku zote hizo kwa mauaji mengine.

"Kwa hiyo alikuwa ndani?" fundi akauliza.

"Alikuwa ndani."

"Wakimtafuta nje?"

"Nje."

Akafikiri. Akasema basi hiyo ya Marekani waanze na magereza. Kisha akaniuliza kama nimechungulia chini ya kitanda changu, kuhusu ndala. Nimechungulia. Kuna chaja niliyomtuhumu nayo shemeji yangu tangu Pasaka.

Jumapili

Kwenye karatasi ya bafuni kumeongezeka mstari: wala mimi. Kalamu nyeusi, mwandiko mwingine.

Nimemweleza Mama kuhusu fumbo la pili la Zodiac, lile la alama 340, lililokaa miaka 51 bila kusomeka hadi Desemba 2020, lilipofunguliwa na watu watatu wasio askari: Mmarekani, Mwaustralia na Mbelgiji, kwa kompyuta na ukaidi. Aliuliza ndani yake mlikuwa na nini. Nikasema majigambo, anasema haogopi kufa. Jina hakuandika.

"Hata huyu hakuandika," Mama akasema. Akaibandua karatasi mlangoni, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye faili la kiwanja, ambako kuna stakabadhi, ramani ya upimaji, na barua inayomtaka aje na barua.

Uamuzi wake wa muda ni huu: kila mpangaji alale na ndala yake ya kushoto chumbani. Za kulia zinabaki uani bila ulinzi.

Jumatano

Makala imetoka. Picha ya pikipiki ni kubwa kuliko maandishi. Jina la filamu limechapishwa "odiac" kwenye kichwa na sahihi kwingineko kote, na watu wawili wa ofisini wamenipongeza kwa ubunifu.

Malipo ni wiki ijayo.

Mchana msomaji amepata namba yangu, sijui kwa nani, akanilalamikia kwamba nimemharibia filamu kwa kumwambia mwisho wake. Nikamwambia nilichosema ni kwamba mwisho haupo. Akasema hata hilo alitaka alione mwenyewe.

Akaniuliza kama ninayo kwenye flashi. Nimemwelekeza kituoni, nikamwambia achunguze jina vizuri kabla ya kulipa. Amenipigia tena jioni: ameipata, ameshatazama yote, na haikuwa ndefu kama nilivyosema.